Tanbihi ya Lambo

Katika masomo yangu yote shangazi alitaka kitu kimoja tu: jina la baba yake lichapwe kitabuni. Shahada ilikuwa yangu, na mateso ya shahada yalikuwa yangu, lakini jina lile alilihesabu kuwa lake. Kila niliporudi Korogwe kutoka chuoni Dar es Salaam, kabla sijaweka begi chini, aliniuliza kama nimeshamwandika. Nikisema bado, alinitazama kama mtu aliyetumwa chumvi akarudi na kiberiti.

Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mkulima wa Handeni. Alifariki nikiwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo ninachokijua juu yake nimekipata mdomoni mwa shangazi. Hakuwa na picha wala hati. Kaburi lake lilikuwa na mawe mawili ambayo mvua za mwaka mmoja zilishuka nayo bondeni. Lililobaki ni jina, na jina hilo lilisomwa mara moja kwa mwaka, siku ya hitima ya ukoo, mwalimu wa madrasa anapowataja marehemu wetu mmoja mmoja ili waombewe. Shangazi siku hiyo husogea karibu na mwalimu kuhakikisha halirukwi.

“Maiti hana anachokingoja kwetu ila kutajwa,” aliniambia. “Wewe umesoma. Mtaje na wasomi wenzako wamtaje.”

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko lilipofunguliwa. Mashamba ya mkonge ya kuelekea Mazinde, aliyofanyia kazi mume wa shangazi mpaka mgongo ukapinda, yalikuwa yakiuzwa. Huko nyika ya Handeni watu wenye magari meupe walikuwa wakisimika bikoni, mawe ya saruji ya mpaka, katika ardhi ambayo hakuna aliyeambiwa ina mwenyewe mpya. Nami, kwa ujasiri wa mtu asiyejua anajiingiza wapi, niliandika tasnifu ya uzamili ya sheria juu ya lambo moja la huko, ambalo wafugaji na wakulima walilitumia pamoja kwa makubaliano yasiyowahi kuandikwa popote. Babu yangu alikuwa upande mmoja wa makubaliano hayo. Nilitaka kuonyesha kwamba makubaliano ya mdomo nayo ni sheria, na kwamba mwenye bikoni angepaswa kuyaheshimu.

Niliwekewa wasimamizi wawili. Wa kwanza alikuwa mwanasheria, mtu wa miwani mizito na subira nyepesi. Kwake yeye kila neno lazima liwe na tanbihi chini ya ukurasa: jina la kesi kwa herufi za mlazo, nani dhidi ya nani, mwaka, kitabu, ukurasa. Wa pili alitoka idara ya sosholojia, akaletwa kwa sababu nilikuwa nimetoka maktabani kwenda kuuliza watu. Huyu alizichukia tanbihi. Alitaka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, papo hapo katikati ya sentensi, na orodha ya marejeo mwishoni. Mmoja alifuta mabano ya mwenzake kwa kalamu nyekundu, mwingine akafuta tanbihi kwa penseli. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe lilikuwa mimi.

Baada ya mwaka wa kusukumana tukaafikiana kuchanganya. Kesi na sheria zingekaa chini, vitabu vya utafiti vingekaa mabanoni, na ukurasa mmoja wa mwanzo ungemweleza msomaji kwa nini nyumba hii ina milango miwili. Mchapaji wangu, dada mmoja mwenye stationery karibu na stendi ya Korogwe, aliusoma ukurasa huo akauliza kama wasomi hawana kazi nyingine. Kompyuta yake ilikuwa ya kwanza mtaani kwake. Kila nilipoongeza tanbihi moja mistari yote ilihama, na umeme ulipokatika tulianza upya.

Mabishano hayo yaliniudhi, lakini yalinifundisha kuona. Kutaja chanzo ni adabu kabla hakujawa kanuni. Ni kusema: neno hili si langu, nimelitoa kwa fulani, nendeni mkamuulize. Na kila watu wana adabu yao ya kutaja. Sisi wanasheria tumezidi. Wagomvi waliokufa zamani, waliopigania ng'ombe mmoja au ukuta wa choo, tunawataja darasani kila siku, na ugomvi wao hatukubali uzikwe. Shangazi angewapenda sana wanasheria kama angejua.

Tatizo halikuwa kesi wala vitabu. Tatizo lilikuwa sura ya nne, sura ya lambo lenyewe, ambayo haikuwa na kesi wala kitabu. Ilisimama juu ya maneno ya mzee mmoja wa Kimasai, wa mwisho aliyekuwepo makubaliano yalipofanyika. Nilikuwa nimekaa naye nyumbani kwake siku kadhaa msimu wa kiangazi. Alinieleza kwamba yeye na ndugu zake ndio waliochimba lambo kwa majembe ya kuazima, na kwamba babu yangu alikuja baadaye, kijana, na mke na mbegu, akaomba maji. Wakakubaliana: alfajiri maji ni ya ndoo za watu, jua likipanda ni ya ng'ombe, na mavuno yakishatoka mifugo iingie shambani kula mabua. Mzee akatoa mbuzi. Akampa babu yangu kisu amchinje kwa mkono wake, ili nyama iwe halali kwake na wote wale pamoja. Hakukuwa na karatasi. Mbuzi yule ndiye aliyekuwa karatasi, alisema, na tulimla.

Niliyaandika hayo yote. Nikaweka na jina la mzee, na jina la babu, kwa herufi kamili. Bila sura ile tasnifu yangu ilikuwa ngozi isiyo na ng'ombe, na msimamizi wangu wa sheria aliniambia hivyo kwa maneno makali zaidi.

Rasimu ilipokamilika nilikwenda Handeni nimsomee mzee alichokisema, kwa sababu nilimwahidi. Mkono mtupu haulambwi, nikabeba sukari na majani ya chai. Kutoka barabarani nilitembea mpaka nikaliona boma, na mtoto wa kiume wa mzee, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, amesimama langoni. Tulisalimiana. Nikamuuliza kama baba yake yupo, na nikamtaja kwa jina, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kufika.

Wanawake waliokuwa wakikamua waliacha kukamua. Mmoja aliinuka akaingia ndani bila kunitazama. Ndipo nikaona ambacho macho yangu yalikuwa yamepita juu yake: mama mwenye nyumba, mke mkubwa wa mzee, hakuwa na shanga hata moja, shingoni wala masikioni.

“Dada,” yule mtoto wa mzee aliniambia taratibu, “huyo uliyemwita hayupo. Na jina hilo halipo tena hapa. Limekwenda naye.”

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimpa pole, na kwa mazoea ya kwetu nikawa naanza kumwombea marehemu kwa jina lake, nikajikamata jina likiwa kwenye ulimi. Kwetu pole bila jina ni pole nusu. Kwao jina la aliyekufa likitamkwa mbele ya watu wake ni kumchokonoa aliyelala, na ni kuwaumiza waliobaki. Hakunigombeza. Alinipa kigoda, akaniletea chai, akaniambia nisome nilichokuja kusoma, ila niruke pale.

Nilisoma nikitafsiri Kiingereza changu kuwa Kiswahili, na kila nilipofika kwenye jina nilisema “mzee”. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli yote, hata mbuzi. Kisha akauliza kama jina liko kwenye karatasi.

“Lipo.”

“Litoe.”

Nilimweleza kwamba chuoni neno lisilo na mwenyewe halihesabiki. Nilimwambia kuna njia nyingine, ya msimamizi wangu wa pili, ambaye watu wake huficha majina ya waliohojiwa na kuwapa namba. Baba yake angeandikwa msailiwa namba nne.

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. “Dada, sisi hata ng'ombe hatuwahesabu kwa kidole. Utamhesabu mzee?”

Nilirudi Korogwe na karatasi zangu. Wiki hiyo nikapanda basi la Dar es Salaam kumwona msimamizi wa sheria. Alinisikiliza, nisimnyime haki yake, na nadhani alisikitika. Lakini alisema ushahidi usio na jina ni uvumi, na uvumi haufanyi sura. “Mtaje au mwondoe,” alisema. Nilipomkumbusha kwamba babu yangu ana jina na hana kizuizi, akasema watu wawili wa makubaliano yale yale hawatajwi kwa mitindo miwili. Nimeshapewa milango miwili ya nyumba, nisiombe wa tatu.

Shangazi nilimweleza nusu. Nilimwambia kuna tatizo la jina la mfugaji, sikumwambia kwamba jina la baba yake nalo limeingia humo humo. Aliona ni jambo dogo.

“Kama hawamtaki wao, sisi tunamtaka wetu. Andika.”

Jibu nililipata mahali ambapo mwanasheria angepaswa kulitafuta tangu mwanzo. Nilikuwa nimekwenda mahakamani Korogwe kwa shughuli nyingine, nikasimama mbele ya ubao wa matangazo kusoma kesi za siku ile. Karani alikuwa ameziandika kwa mkono. Fulani dhidi ya fulani. Fulani na mwenzake dhidi ya fulani. Fulani na wenzake. Nilisoma mistari ile mara mbili. Sheria yenyewe, yenye uchu wa majina, ina mahali pa mtu asiyetajwa: anasimama nyuma ya mwenzake, anabeba haki na wajibu sawasawa naye, na hakuna wakili anayesema ni uvumi. Nilitoka pale natembea haraka kama mtu anayewahi treni.

Niliandika tanbihi upya. Jina la babu yangu, kwa ukamilifu, kisha: na mwenzake. Msimamizi wa sheria aliisoma, akavua miwani, akaivaa, akasema inapita. Wa sosholojia alisema ni nzuri, jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Shangazi nilimwonyesha karatasi iliyochapwa. Hakujua Kiingereza, lakini kusoma alijua, na jina la baba yake alilitambua. Alilisoma kwa sauti. Akaenda nayo kwa jirani, nikamsikia akilisoma tena huko.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa sijapata ruhusa ya mtoto wa mzee, na bila ruhusa yake sikutaka. Nikarudi Handeni. Safari hii sikutaja mtu langoni.

Alisikiliza tanbihi, mstari mmoja tu. Aliniomba nirudie. Kisha akachora chini kwa ncha ya fimbo.

“Umefanya vizuri kulitoa,” alisema. “Sasa niulize, nani alifika kwanza kwenye maji?”

“Mzee.”

“Babu yako alifika akakaribishwa. Si ndivyo ulivyonisomea?”

“Ndivyo.”

“Basi hawa wanaosimika mawe ya saruji, wakifungua kitabu chako wakauliza lambo la nani, wataona nani?”

Jibu lilikuwa mkononi mwangu. Wataona babu yangu. Wataona jina moja, la mkulima, na nyuma yake mtu asiyejulikana aliyefuatana naye. Mwenye jina ndiye atakayekuwa mwenyeji, na aliyechimba atakuwa mgeni. Mambo yote niliyoyaandika katika sura nzima yangegeuzwa na mstari mmoja chini ya ukurasa, na mstari huo niliuona mwerevu.

“Wangekuwa wote hawana jina, sawa,” alisema. “Au wote wanalo. Mmoja analo na mwingine hana, hapo ng'ombe wetu hawatakunywa.” Akafikiri kidogo. “Jina langu mimi unaweza kuandika. Mimi ni mzima. Andika baba wa mimi. Wakitaka kuuliza, waje waniulize.”

Hiyo ndiyo ingekuwa tanbihi: baba wa fulani, na mwenzake. Mtoto aliye hai akimtaja baba, na mwenzake nyuma yake. Ilikuwa kweli na ilikuwa na mpangilio wa kweli, na nilijua wasimamizi wangu wasingeikataa, kwa sababu shahidi aliye hai anaweza kuitwa. Na mwenzake, sasa, alikuwa babu yangu. Njia nzima ya kurudi Korogwe nilikuwa nikiwaza nitaingiaje nyumbani.

Nilimkuta shangazi uani akichambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, nikakaa chini kando ya ungo nikamweleza yote, safari hii bila kupunguza. Sikumficha hata lile la nani alifika kwanza, ambalo kwetu halikuwa linasemwa. Yeye alikuzwa akiambiwa lambo ni la baba yake. Alipoelewa ninachotaka kufanya aliacha mchele.

“Kwa hiyo unamtoa.”

“Namweka, shangazi. Ila bila jina.”

“Bila jina ndiyo kutoa. Huyo mwenzake anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza kuwa mpita njia.” Sauti yake haikupanda. “Kisomo chote hiki, wamesoma wangapi kwenye ukoo wetu? Na huyo mmoja aliyesoma anakwenda kumfuta babu yake kwa mkono wake.”

Aliinuka akaingia ndani. Kwa siku kadhaa tulipeana salamu na chakula, basi. Mchapaji alikuwa ananingoja, tarehe ya chuo ilikuwa ikikaribia, nami sikuandika kitu. Niseme ukweli: ningeandika hata angekataa. Nilikuwa nimeshaamua, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumtazama usoni.

Asubuhi moja alinikuta nakunywa chai akakaa mbele yangu.

“Yule mbuzi,” alisema. “Ni kweli alimpa baba kisu?”

“Mzee mwenyewe aliniambia.”

“Ng'ombe wa kwake, maji ya kwake, mbuzi wa kwake. Na kisu akampa baba ili ale.” Alijimiminia chai. “Baba hakuwahi kutuambia. Labda aliona aibu kwamba aliomba.” Akafuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. “Mtu aliyekupa kisu huwezi kuandikwa mbele yake. Andika mwenzake. Lakini usije ukanisomea.”

Nilikwenda stendi mchana ule ule. Mchapaji aliandika mstari, mistari mingine yote ikahama, akaguna, akairudisha mahali pake. Tasnifu ilipita. Nilipewa shahada kwenye jukwaa lenye vumbi, na shangazi alikuja kwa basi akiwa amevaa kanga mpya, akanishika mkono mbele ya watu kwa fahari ambayo sikuistahili yote. Nakala iliyojalidiwa nilimpelekea baadaye. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunika kwa kitambaa, akaiweka juu ya kabati.

Mara moja tu aliniomba nimwonyeshe ukurasa. Nilimwonyesha. Aliweka kidole chini kabisa, kwenye lile neno, akakiacha hapo.

“Mtu akija kuuliza,” alisema, “nitamwambia huyu ni baba yangu.”

Hakuna aliyekuja kuuliza. Shangazi ametangulia mbele ya haki, na mtoto wa mzee naye, nasikia, sasa jina lake halitamkwi langoni kwake. Nakala moja iko maktabani, rafu ya chini, na mwanafunzi akiifungua leo hakuna aliyebaki wa kumwambia huyo “mwenzake” ni nani, isipokuwa mimi. Jina ninalo, fupi, rahisi kuandika, na nimekaa nalo kalamuni tangu nilipoanza kurasa hizi. Siwezi kumtaja yeye nikamwacha mwenzake.